Darasa la Kujilegeza: Tiba ya Wasiwasi Ilivyotoka Kitandani Ikaingia Ukumbini

Daktari Edmund Jacobson wa Chicago hakuwa mtu wa haraka. Mgonjwa wake wa wasiwasi alilala chali katika chumba kimya, peke yake, na siku ya kwanza alifundishwa jambo moja tu: kukunja kiganja cha kushoto kwa nyuma, kuutambua mkazo mdogo unaojitokeza katika mkono chini ya kiwiko, kisha kuuachilia. Mara chache tu, zikitenganishwa na dakika kadhaa za kimya, na muda wote uliobaki wa saa hiyo ni kulala na kuacha. Kila kipindi cha tatu hakukazwa chochote. Mafunzo yaliendelea hivyo msuli baada ya msuli, kutoka mikononi hadi miguuni, kifuani, shingoni, machoni na ulimini, na yangeweza kuchukua miezi mingi.

Siku hizi mwenye wasiwasi akipelekwa kujifunza kutuliza mwili, mara nyingi hujikuta ukumbini na wenzake ishirini au thelathini, mbele yao mwezeshaji ambaye pengine si daktari, na wiki tano au sita baadaye kozi imekwisha. Mtu angedhani kwamba wanasayansi walikaa wakathibitisha kuwa kikundi ni bora kuliko kitanda cha Jacobson. Haikuwa hivyo. Karibu kila mara kikundi kiliingizwa na uhaba: wa fedha, wa madaktari au wa muda. Nadharia ya kukihalalisha ilifuata nyuma, na pengine haikufika kabisa.

Boston, 1869–1930: mishipa iliyochoka

Mwaka 1869 daktari wa New York, George Beard, aliyapa jina la kitabibu malalamiko ambayo madaktari wa mijini walikuwa wakiyasikia kila siku: uchovu usioisha, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, hofu isiyo na chanzo. Aliyaita nurasthenia, akasema hiyo ndiyo gharama ya ustaarabu mpya wa reli, telegrafu na magazeti. Tiba iliyopata sifa ilikuwa ya Silas Weir Mitchell wa Philadelphia. Mgonjwa, aghalabu mwanamke, alilazwa wiki sita au zaidi, akatengwa na jamaa zake, akanyweshwa maziwa kwa wingi, akakandwa mwili, akakatazwa kusoma na kuandika. Ilitaka muuguzi wa kudumu na mfuko mnene. Mshonaji wa kiwandani aliyepatwa na mapigo ya moyo yale yale hakuwa na mlango wa kubisha.

Mwaka 1891 mwalimu mmoja wa Massachusetts, Annie Payson Call, alitoa kitabu *Power Through Repose*. Hoja yake ilikuwa nyepesi kusema na nzito kuitenda: kulala si kupumzika. Mtu anaweza kujilaza kitandani usiku kucha huku misuli yake ikiendelea kujishikilia kana kwamba kitanda kitamwangusha. Kwa hiyo kupumzika ni ustadi, na ustadi hufundishwa. Mwanafalsafa William James wa Harvard alimsifu Call katika hotuba aliyowapa wanafunzi wa kike, iliyochapishwa mwaka 1899, na tangu hapo wazo la kujilegeza likapata heshima mbele ya wasomi.

Kikundi chenyewe kilizaliwa kwenye ugonjwa mwingine kabisa. Mwaka 1905 Joseph Pratt, daktari kijana wa Massachusetts General Hospital, alikuwa na wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa maskini mno kwenda kwenye sanatoria za milimani. Aliwakusanya mara moja kwa wiki, kama watu ishirini hivi, akawafundisha usafi, chakula, na kulala kwenye hewa safi hata kama ni juu ya paa au kwenye roshani. Kila mmoja aliandika daftari la maendeleo yake na kulileta darasani. Pratt alikusudia kuokoa muda tu. Alichokiona ni kwamba watu wa mataifa na dini mbalimbali, waliounganishwa na ugonjwa mmoja, walianza kutiana moyo kwa namna ambayo yeye kama daktari hakuweza.

Fedha za darasa hilo zilitoka kanisani. Elwood Worcester, mchungaji wa Emmanuel Church mjini Boston, alikuwa amesoma saikolojia Leipzig, Ujerumani, na alipoona mafanikio ya Pratt akajiuliza kama wagonjwa wa mishipa wangeweza kutibiwa vivyo hivyo. Mwaka 1906, baada ya mfululizo wa mihadhara, yeye na mwenzake Samuel McComb walitangaza kwamba kesho yake asubuhi wangekuwepo kanisani kuwaona wenye matatizo ya neva. Walikuja karibu watu 200. Zikaanzishwa jioni za kila wiki: nyimbo, maombi, mazungumzo juu ya hofu, hasira na kukosa usingizi, kisha viburudisho na maongezi. Aliyehitaji zaidi alikutana na mchungaji faraghani, akaketi kwenye kiti cha kuegemea, akaelekezwa kulegeza mwili huku akipewa maneno ya kutuliza.

Madaktari walikuja juu. Walioanza kwa kuunga mkono walijitenga, wakisema wachungaji wameingia uwanja usio wao. Lakini lawama hizo ziliwasukuma madaktari wenyewe kuichukua kazi hiyo kwa uzito zaidi. Pratt ndiye aliyeirudisha hospitalini. Mwaka 1930, kwenye zahanati ya Boston Dispensary, alifungua darasa la watu ambao vipimo havikuwaonyesha ugonjwa wa mwili ingawa walikuwa wakiteseka. Majina yaliitwa, waliopata nafuu walisimulia, likafuata zoezi la kujilegeza, kisha hotuba fupi ya daktari. Huenda hilo ndilo darasa la kwanza la hospitali linalofanana na yale tuliyonayo leo, na inashangaza jinsi linavyotajwa kwa nadra.

Chicago, 1908–1943: mtu aliyepima ukimya

Jacobson alianzia upande mwingine. Mwaka 1908, akiwa mwanafunzi wa Harvard, alichunguza namna watu wanavyoshtuka wakisikia kishindo cha ghafla, akagundua kwamba aliyelegea kwelikweli hashtuki kwa namna inayoonekana. Kwake yeye hilo lilifungua hoja nzima. Kama mshtuko unahitaji msuli uliokazwa, basi wasiwasi nao una makazi mwilini, na makazi hayo yanaweza kuondolewa.

Alihitaji ushahidi wa kupimika. Kwa msaada wa maabara za simu za Bell alipata vyombo vilivyoweza kunasa umeme wa msuli kwa kiwango cha sehemu moja ya milioni ya volti. Vilionyesha jambo ambalo macho yasingeliona: mtu akiambiwa awaze tu kwamba anakunja mkono, bila kuukunja, msuli wa mkono ule hutoa umeme. Akiwaza kitu cha kukitazama, misuli ya macho hufanya kazi. Jacobson akahitimisha kwamba fikra na msuli haviachani, na kwamba mtu akiweza kuyalegeza macho na ulimi kabisa, msururu wa mawazo nao hukatika. Kitabu chake *Progressive Relaxation* kilitoka mwaka 1929 kwa wataalamu, na *You Must Relax* mwaka 1934 kwa watu wa kawaida.

Hakupenda maneno ya kubembeleza. Hakumwambia mgonjwa kwamba atajisikia vizuri, wala hakutumia sauti laini ya kumlaza. Alitaka mgonjwa ajue mwenyewe mkazo unavyohisiwa, ili siku akiwa peke yake ofisini autambue na kuuzima. Ndiyo maana njia yake ilikuwa ndefu, na ndiyo maana haikuenea. Daktari mmoja angeweza kufundisha wagonjwa wangapi kwa mwaka?

Vita viliilazimisha ifupishwe. Kwenye miaka ya mwanzo ya 1940 jeshi la majini la Marekani lilikuwa na makadeti wa urubani waliochoka kabla hata ya kuruka, wasiolala, na wanaoingiwa na woga. Walimu wa mazoezi ya viungo walipelekwa Chicago wakajifunza kwa Jacobson wiki kadhaa, kisha wakarudi kwenye shule za awali za urubani na kuwafundisha maelfu ya makadeti kwa mpigo, wakiwa wamelala sakafuni kwa safu. Mbinu iliyobuniwa kwa chumba cha mtu mmoja ilikuwa sasa inatolewa kwa amri ya kijeshi, na walimu wake hawakuwa madaktari. Hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba ingefanya kazi hivyo. Hapakuwa na muda wa kusubiri uthibitisho.

Berlin, 1926–1945: mkono mzito

Huko Ujerumani Johannes Heinrich Schultz alifika mahali karibu na pale kwa njia iliyokuwa kinyume. Alikuwa mtaalamu wa hipnosi, na alijua kutoka kwa kazi ya Oskar Vogt mjini Berlin kwamba baadhi ya wagonjwa waliozoea kulazwa kwa hipnosi walijifunza kujilaza wenyewe, na wakiamka walisema mikono na miguu yao ilikuwa mizito na yenye joto. Schultz akageuza mambo: badala ya kusubiri uzito na joto vije, mtu ajifunze kuviita. Aliyawasilisha mawazo yake mbele ya madaktari wa Berlin mwaka 1926, na kitabu chake juu ya mafunzo aliyoyaita otojeni kilitoka mwaka 1932.

Mazoezi ni sita: uzito wa viungo, joto la viungo, utulivu wa moyo, pumzi inayojiendesha, joto la tumbo, ubaridi wa paji la uso. Mwanafunzi hujiambia kimoyomoyo sentensi fupi kwa dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku. Hata mkao wake ulichukuliwa mtaani: mtu huketi ameinama mbele, mikono ikining'inia mapajani, kama dereva wa gari la farasi la Berlin anayesinzia akisubiri abiria. Tofauti na Jacobson, Schultz hakuona ubaya wa kufundisha kwa kozi ya kikundi. Mwalimu alieleza zoezi, wote wakalijaribu pamoja, kila mmoja akaeleza kilichomtokea, wakaenda nyumbani kufanya mazoezi hadi wiki ijayo. Anayehofia kwamba yeye peke yake hahisi joto lolote alisikia wenzake watatu wakisema hivyo hivyo. Muundo huo wa maelezo, zoezi, taarifa na kazi ya nyumbani ndio uliobaki katika kozi nyingi hadi leo, hata zile zisizomjua Schultz.

Schultz mwenyewe hawezi kupitwa kimyakimya. Kuanzia mwaka 1936 alikuwa naibu mkurugenzi wa taasisi ya tiba ya nafsi ya Berlin iliyoongozwa na Matthias Göring, jamaa ya waziri wa Hitler. Aliunga mkono kuuawa kwa watu wenye ulemavu, na alishiriki kuwapima wanaume waliotuhumiwa kwa ushoga, ambapo aliyeshindwa kipimo alikabiliwa na kambi ya mateso. Baada ya vita aliendelea na kazi, akaheshimiwa, akafariki mwaka 1970. Mafunzo yake yalivuka bahari kupitia mshirika wake Wolfgang Luthe aliyehamia Kanada, na vitabu vingi vya mazoezi vinavyomtaja kama mzee mpole wa utulivu haviligusi hili hata kwa mstari mmoja. Mazoezi yanafaa. Historia yake nayo isemwe.

Johannesburg, 1944–1961: paka, paa na magari

Hatua iliyofuata ilipigwa Afrika. Joseph Wolpe, daktari kijana wa jeshi la Afrika Kusini wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipewa askari waliorudi wakitetemeka. Mtindo wa wakati ule ulikuwa kuwapa dawa ya kulewesha ili wasimulie yaliyowapata, kwa imani kwamba wakishasema watapona. Walisema, na wengi hawakupona. Wolpe akarudi Chuo Kikuu cha Witwatersrand na kuanza majaribio na paka. Paka waliopigwa shoti ya umeme ndani ya kizimba walikiogopa kizimba hicho hata njaa ikiwauma. Lakini walipolishwa mbali nacho, kisha karibu kidogo, kisha karibu zaidi, hofu ilipungua hadi wakala ndani yake. Kula na kuogopa havikukaa pamoja.

Binadamu hawezi kutibiwa kwa kulishwa nyama kila anapoogopa. Wolpe alitafuta hali nyingine inayopingana na hofu, akaipata kwenye kitabu cha Jacobson. Alichokifanya baadaye kingemuudhi mwenye kitabu: aliyakata mafunzo ya miezi hadi vipindi kama sita. Kisha mgonjwa aliyelegea aliambiwa awaze mambo anayoyaogopa kwa ngazi, kuanzia lile dogo, akipanda moja baada ya jingine. Kitabu chake cha mwaka 1958 kiliieleza njia hii kwa ukamilifu.

Mwanafunzi wake Arnold Lazarus ndiye aliyeiingiza kwenye kikundi, na sababu yake haikufichwa: kumtibu mmoja mmoja kulichukua muda mwingi mno. Jaribio lake, lililochapishwa mwaka 1961, lilihusisha watu 35 wenye hofu kali, wengine za mahali pa juu, wengine za mahali finyu. Walikuwa watu weupe wa tabaka la kati wa mjini, maana Afrika Kusini ya wakati ule ilikuwa hivyo hata katika maabara. Aliyejiunga kwa hofu ya mahali pa juu alipimwa kwa vitendo. Alipaswa kupanda ngazi ya nje ya dharura, na baadaye kusimama kwenye paa la jengo, kutazama barabara chini na kuhesabu magari yanayopita kwa dakika mbili.

Katika kikundi cha kulegea na kupanda ngazi za hofu, mmoja akiinua mkono kwamba ameanza kuogopa, wote walisimama. Kikundi kilikwenda kwa mwendo wa aliye nyuma zaidi. Kati ya 18 waliofuata njia hiyo, 13 walipona. Wengine waliwekwa kwenye vikundi vya mazungumzo ya kuchambua chanzo cha hofu: kati ya 9, hakupona hata mmoja. Waliobaki 8 walizungumza na kuchambua, kisha kila kikao kikamalizika kwa kujilegeza. Wawili walipona.

Namba hizo ni ndogo, na Lazarus mwenyewe ndiye aliyeviongoza vikundi vyote, jambo ambalo mtafiti wa leo asingeruhusiwa. Hata hivyo wale 8 wana uzito katika historia hii. Walikuwa na kikundi. Walikuwa na mazoezi ya kujilegeza. Walichokosa ni kuupeleka ule utulivu hadi kwenye kitu chenyewe wanachokiogopa, na bila hicho karibu wote walibaki walivyokuwa. Somo hilo lilisahauliwa kwa takriban miaka 20 iliyofuata, kila mahali mazoezi ya kutulia yalipouzwa kama dawa iliyo kamili.

1966–1979: kaseti, kitabu cha mwongozo na tasbihi

Wolpe na Lazarus waliiacha Afrika Kusini katika miaka ya 1960, na njia yao ikaota mizizi katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako wagonjwa wa majaribio walipatikana kwa wingi: wanafunzi wanaoogopa mitihani na kuhutubia. Mwaka 1966 Gordon Paul na Donald Shannon wa Illinois walichapisha matokeo ya vikundi vya wanafunzi wenye wasiwasi wa muda mrefu, wakaonyesha kwamba kikundi kilifaa sawa na tiba ya mtu mmoja mmoja. Wakuu wa vyuo walihitaji sentensi hiyo tu.

Mwaka 1973 Douglas Bernstein na Thomas Borkovec walitoa kitabu cha mwongozo kwa watoa huduma. Misuli ya Jacobson ilipangwa katika makundi 16, kisha mwanafunzi akizoea yakawa 7, kisha 4, yote ndani ya vipindi kama kumi. Sasa muuguzi, mwalimu au mfanyakazi wa ustawi wa jamii angeweza kuongoza darasa akisoma maelekezo. Na kaseti, iliyoingia sokoni mwaka 1963, ilifanya hata msomaji asihitajike. Borkovec hakuipenda njia hiyo ya mkato: alipopitia tafiti zilizokuwapo mwaka 1979, aliona kwamba sauti ya kurekodiwa ilileta mabadiliko kidogo mwilini kuliko mwalimu aliye chumbani, anayemwona mwanafunzi amekunja uso na kumwambia.

Herbert Benson wa Harvard alitokea upande wa moyo na shinikizo la damu. Alikuwa amewapima watu wanaofanya tafakuri ya kujikita kwa neno moja, na kitabu chake cha mwaka 1975 kilidai kwamba mwili una itikio la utulivu, kinyume cha lile la kupigana au kukimbia, na kwamba mtu huliamsha kwa kurudia neno huku akiyaacha mawazo mengine yapite. Benson alikiri kwamba hakubuni kitu: alitaja rozari ya Wakatoliki na dhikri ya Masufi miongoni mwa njia za kale za kufika hapo. Msomaji wa pwani yetu aliyewahi kukaa kwenye halaka ya dhikri usiku wa Ijumaa hatashangaa kusikia kwamba kurudia jina kwa pamoja, kwa pumzi moja, hubadilisha mwili. Tofauti ni kwamba waliokaa pale walikwenda kwa Mola wao. Utulivu ulikuja wenyewe, bila kualikwa.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha kozi ya wiki kadhaa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa vikundi vikubwa vya wagonjwa ambao madaktari wengine walikuwa wameshindwa kuwatibu. Wengi waliiita kozi ya kutulia. Yeye alikataa: kusudi si kulegea bali kuwa macho kwa kinachotokea, kiwe kizuri au kibaya. Tofauti hiyo ilionekana ndogo wakati ule.

Uppsala na Clydebank, 1983–1995: shaka na marekebisho

Mwaka 1983 Frederick Heide na Borkovec waliripoti jambo ambalo walimu wengi wa kujilegeza walikuwa wamekutana nalo bila kulisema: baadhi ya watu wenye wasiwasi huzidiwa pale wanapoanza kulegea. Mwili unaolegea kwao ni mwili usiolindwa. Katika darasa la watu thelathini, huyo ndiye atakayetoka nje kimyakimya na asirudi, na mwongozaji atadhani amepona.

Jibu la Lars-Göran Öst wa Uppsala, Sweden, lilikuwa kuifanya mbinu iwe ya vitendo. Kwa muhtasari alioutoa mwaka 1987, mgonjwa kwanza hujifunza kutambua dalili za awali za wasiwasi wake, kisha hukaza na kulegeza, kisha hulegeza bila kukaza, kisha huunganisha kulegea na pumzi, kisha hulegea huku akitembea au akiandika, hadi aweze kutulia ndani ya sekunde 20 au 30. Mwisho huenda nayo sokoni, kwenye basi, mbele ya mkubwa wake wa kazi. Hapo somo la wale 8 wa Johannesburg lilirudi.

Kwa wasiwasi wa jumla, ule unaomfuata mtu siku nzima, njia ya Öst ilishindana vizuri na tiba ya kubadili fikra. Kwa wale wanaopatwa na mishtuko ya ghafla ya hofu ilishindwa: mwaka 1994 David Clark na wenzake wa Uingereza walionyesha kwamba kumsaidia mtu aelewe jinsi alivyokuwa akiyatafsiri vibaya mapigo ya moyo wake kulifaa zaidi kuliko kumfundisha kuyatuliza. Sababu haiko mbali. Anayejilegeza ili asife bado anaamini kwamba angekufa.

Wakati huo huo, huko Scotland, mwanasaikolojia Jim White alikabiliwa na foleni. Katika mji wa Clydebank, karibu na Glasgow, viwanda vya meli vilikuwa vimefungwa na wenye wasiwasi walikuwa wengi kuliko wataalamu kwa mbali. White aliunda kozi ya jioni ambayo haikujifanya kuwa tiba ya kikundi hata kidogo. Watu walikaa kwa safu kama wanafunzi, wakapewa vijitabu, wakafundishwa kuhusu mwili, fikra na mienendo, wakafanya kujilegeza. Hakuna aliyetakiwa kusimulia shida zake. Kwa kweli waliombwa wasifanye hivyo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1992, na kozi hiyo imeenea katika huduma ya afya ya Uingereza. Kwa watu waliotishwa na wazo la kulia mbele ya jirani, haki ya kunyamaza ndiyo iliyofungua mlango. Pratt alikuwa amewataka wagonjwa wasimulie. Wote wawili walipata watu waliopata nafuu.

Nairobi na Rhino Camp, 2015–2020

Uhaba ule uliowasukuma Pratt na White ni mdogo ukilinganishwa na wa nchi zetu, ambako daktari wa magonjwa ya akili anaweza kutegemewa na mamia ya maelfu ya watu. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza mafunzo ya vipindi vitano yanayoweza kutolewa na mhudumu wa afya ya jamii asiye na shahada. Yalijaribiwa kwenye vitongoji vya Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao waliopitia ukatili wa kijinsia, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017: miezi mitatu baadaye waliofunzwa walikuwa na dhiki pungufu kuliko waliopelekwa kwenye huduma ya kawaida. Katika mafunzo hayo kutuliza mwili kumebaki pumzi ya polepole, moja ya stadi nne. Zilizobaki ni kushughulikia matatizo, kurudia shughuli, na kuimarisha uhusiano na watu. Pale Nairobi ilikuwa mtu na mhudumu wake. Toleo la kikundi lilifuata nchini Pakistan na Nepal.

Uganda walikwenda mbali zaidi. Katika makazi ya Rhino Camp, yanayowahifadhi wakimbizi wa Sudan Kusini, watafiti wakiongozwa na Wietse Tol waligawa vijiji 14 kwa kura, na wanawake karibu 700 wakashiriki. Walioingia kwenye kozi walikaa kwa vikundi vya hadi watu 30, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa, wakafanya mazoezi, wakazungumza kidogo, na wakapewa kitabu cha picha. Waliowaongoza walikuwa wanawake wa kawaida waliopata mafunzo mafupi. Vikao vitano. Ripoti ya mwaka 2020 ilisema dhiki yao ilipungua, sana mwanzoni, na kwa kiasi kidogo zaidi baada ya miezi mitatu.

Katika vikao hivyo hakuna anayeambiwa akaze mkono na kuulegeza. Anafundishwa kuona dhoruba ya hisia imekuja, kukanyaga ardhi kwa miguu yote miwili, kuvuta pumzi taratibu, na kurudi kwenye alichokuwa akifanya huku dhoruba ikiendelea. Jacobson angesema kazi haijaanza. Vijiji vya kulinganisha vilipata mkutano mfupi wa ushauri tu, kwa hiyo jaribio lile, kama mengi yaliyolitangulia, linaweza kueleza kwamba kozi nzima ilisaidia, lakini haliwezi kutenganisha kilichofanywa na ile sauti ya kurekodiwa na kilichofanywa na wanawake thelathini kuketi pamoja mara tano.